Kitanda Kinachokula Mifupa

Jumatatu, 3 Machi

Utafiti umeanza leo, na mvua nayo imeanza leo. Daktari alitukusanya kwenye chumba cha mikutano, muuguzi na mimi tu, akatuhutubia kana kwamba tuko watu mia. Wazee wote waliojiandikisha wamepita miaka sitini na mitano. Nusu yao watabandikwa kiraka cha homoni, nusu kiraka kitupu, na wenyewe hawatajua nani kapata kipi. Kila mwezi watakuja kwangu niwalaze kwenye kitanda cha mashine, mkono wake upite juu yao taratibu, na skrini iniambie mifupa imebaki kiasi gani. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Daktari anasema homoni zikishuka uzeeni mifupa huliwa kimyakimya, haiumi wala haiwashi, mpaka siku mtu anainama kufunga kamba ya kiatu na pingili ya mgongo inapasuka. Hilo neno "huliwa" sikulipenda, lakini yeye ndiye daktari.

Kabla ya mtu yeyote, kila asubuhi namlaza Babu. Babu ni kipande cha plastiki chenye pingili nne za uti wa mgongo ndani yake, kimetengenezwa kiwandani makusudi kisibadilike. Mashine ikimpima na kupata jibu lilelile, tunajua ina akili timamu. Muuguzi ndiye aliyempa jina. Mimi namwamkia, "Shikamoo, Babu," na muuguzi anajibu kwa sauti nzito akiwa nyuma ya pazia, "Marahaba." Picha yake ya leo imetoka nyeupe pe. Nimeichapa nikaibandika nyuma ya mlango, na chini yake nimeandika: Mkuu wa Idara.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemleta mama mkwe apimwe. Ana miaka sabini na sita, na mtaa mzima wanamwita Kiguu na Njia. Tangu baba mkwe afariki anaishi kwetu, na tangu ahamie sijanywa chai yangu ikiwa ya moto. Anaamka kabla ya kila mtu, anaburuta ndoo uani, anafagia nilipokwisha kufagia, halafu anatoka kwenda kusalimia watu ambao hata hawakumbuki walijuana naye wapi. Akirudi anakuja na habari za nyumba zote na lawama za nyumba yangu. Nikisema kushoto, yeye kulia. "Wewe binti wa watu," huniambia, "ulinikuta natembea."

Kitandani hakutulia.

"Hii mashine yako inatafuta nini?"

"Mifupa, Mama."

"Si ingeniuliza tu. Ninayo."

Ametoka njano. Kwa umri wake si haba. Mume wangu kafurahi kama kapandishwa cheo yeye.

Ijumaa, 14 Machi

Jana jioni radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya kliniki. Leo mashine imewaka vizuri, ila vipimo vya Babu vya mwanzo vimefutika vyote. Daktari kampigia fundi wa mashine. Fundi yuko mji mwingine, daraja limekatika, atakuja mvua ikituliza hasira.

"Basi tufanye hivi," Daktari kasema. "Kuanzia leo kila asubuhi mlinganishe Babu na Babu wa jana. Wakifanana, endeleeni na kazi."

Mimi nikaona sawa, muuguzi akaona sawa. Wazee walikuwa wameshajaa kwenye benchi, tukaendelea.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Babu yuko sawa na jana.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Babu yuko sawa na jana. Muuguzi kasahau mwavuli, karudi kwao kama kuku aliyetolewa mtaroni.

Jumatano, 2 Aprili

Wazee wameanza kurudi kwa kipimo cha pili. Wanne kati ya walioingia leo wameshuka rangi. Mama mmoja aliyekuwa kijani mwezi uliopita leo njano. Aliniuliza kama ni mbaya, nikamwambia ni kawaida ya umri. Alipovaa viatu alivivaa polepole sana, kama vya kuazima.

"Labda hao ndio wenye viraka vitupu," muuguzi kasema.

"Labda," nikamjibu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama mkwe nyekundu.

Nilirudia kumpima mara mbili, nikamlaza upya, nikamnyoosha miguu. Nyekundu tu. Mwanamke aliyekuja kwa miguu kwenye mvua na kunizomea njia nzima kwamba natembea kama konokono, eti mgongo wake una mifupa ya kupasuka kwa chafya. Nilimwita Daktari. Kaangalia skrini, kakuna kidevu, kanivuta kando. Kasema asibebe ndoo, asipande ngazi, sakafu isiwe na maji. Lakini atembee kidogo kidogo kila siku, mtu amshike mkono, maana mfupa usiofanya kazi hupungua zaidi.

Nyumbani mume wangu kashika tama. Nikamweleza ya ndoo, ya ngazi, ya sakafu. Hilo la kutembea sikulisema. Nilijiambia nitalisema mvua ikipungua, njia zikikauka. Tumemhamishia kwenye chumba cha nyuma, tumemwekea kiti cha mikono karibu na dirisha, na chooni ataitwa mtu amsindikize.

Alicheka. Akasema mashine yangu imelewa. Ndipo nikamtolea picha yake, ile yenye rangi, nikamwonyesha palipo na alama yake. Aliishika kwa mikono miwili akaiangalia muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mifupa inaweza kuvunjika akiwa amelala. Nikamwambia inaweza.

Jumanne, 15 Aprili

Nyumba kimya. Nimekunywa chai mpaka mwisho wa kikombe, ya moto, na hakuna aliyeniambia sukari nimezidisha. Sitasema uongo humu, nimefurahi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Babu yuko sawa na jana.

Alhamisi, 24 Aprili

Kuna mzee tunayemwita Mzee wa Baiskeli. Mwezi Machi alikuja anaendesha mwenyewe, suruali imefungwa kamba kwenye vifundo, akauliza kama mashine itampima na baiskeli yake. Mwezi huu wa nne kaletwa kwenye teksi, mwanawe kamshika kwapa upande mmoja, mkwewe upande wa pili. Hajaanguka. Hajaugua. Mwezi Machi aliambiwa tu ni njano inayoelekea nyekundu, basi.

Nilipomlaza alinikamata mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko chuma cha kitanda.

"Niambie ukweli, mama," akasema. "Nyie hapa mnatupima au mnatupunguza?"

"Tunawapima, Mzee."

"Mbona tangu niinuke hapa mara ile nimekuwa mwepesi?"

Nikaiwasha mashine. Leo katoka nyekundu kabisa.

Ijumaa, 2 Mei

Maneno yamezagaa mtaani. Wanasema kitanda changu kinakula mifupa. Unalala mzima, kile kimkono kinapita juu yako kikinung'unika, na unaposhuka kishakulamba kidogo. Nilimcheka muuguzi aliponiletea habari hiyo. Yeye hakucheka. Kasema kahesabu mwenyewe: hakuna hata mmoja aliyepanda, si wa kiraka cha dawa, si wa kiraka kitupu. Wote wanashuka kwa pamoja, kama wanaoteremka ngazi moja.

Benchi limeanza kuwa wazi. Wanaokuja wanatembea kwa kupapasa ukuta. Zamani kwenye korido yetu watu walikuwa hawasikilizani kwa kelele za wazee, wanataniana nani kaoa na nani kazikwa. Leo walikuwa sita, wamekaa mikono magotini, hakuna aliyeegemea nyuma, na mvua juu ya bati ndiyo ilikuwa inazungumza peke yake. Nikiita jina la mtu, wote sita wanashtuka.

Jumanne, 6 Mei

Leo baada ya wazee kuondoka nimejipima mwenyewe. Nina miaka hamsini na mbili, joto la ghafla linanipanda mchana mara mbili tatu, na najua homoni zangu zimeshafunga virago. Muuguzi ndiye aliyebonyeza. Nilikuwa sijawahi kulala pale. Ukilala unaona dari tu, na ule mkono unakuja kutoka miguuni polepole, unanung'unika, na kwa sekunde fulani unajiona umebebwa.

"Njano," muuguzi kasema, halafu akaongeza, "ya chini."

Mwaka jana, nilipopimwa hospitali nyingine, nilikuwa kijani.

Nimerudi nyumbani nimeshika uzio njia nzima. Nilipofika mlangoni nilimkuta mume wangu ananiangalia. "Mbona unatembea kama Mama?" akaniuliza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemleta mama mkwe kwa kiti cha magurudumu. Nyekundu iliyoiva. Sikumwonyesha picha, na hakuiomba.

Mchana, nikiwa jikoni, nilisikia ndoo inaburutwa uani, ule mburuto wake niuchukiao, chuma kwenye saruji. Nikasema huyu mkaidi katoka. Nikatoka nikiwa na hasira zangu zote mdomoni. Uani hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa pale pale ukutani, imejaa maji ya mvua mpaka yanamwagika. Nikaenda chumba cha nyuma.

"Mama, umetoka?"

"Nitoke niende wapi?"

Alikuwa kitini. Miguu yake imekuwa myembamba, soksi zinamlegea. Nikagundua kwamba kwa mwezi mzima sijamsikia akiulizia mtu yeyote wa mtaa huu, na mtaa mzima nao hawajaja kumuulizia, maana yeye ndiye aliyekuwa akienda. Ile hasira yangu sikuwa na pa kuiweka.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Babu yuko sawa na jana. Ile ndoo nimeisikia tena.

Jumatatu, 12 Mei

Babu sawa na jana. Mzee wa Baiskeli hakuja. Mwanawe kapiga simu kusema baba hataki kushuka kitandani, anaogopa sakafu.

Jumanne, 20 Mei



Asubuhi kulikuwa na upepo. Nilimlaza Babu, nikamwamkia, muuguzi akaitika. Picha ikatoka, nikailinganisha na ya jana, zikafanana. Basi upepo ukaubamiza mlango. Ule mlango huwa wazi kutwa nzima, umeegemea ukuta. Ulipojifunga, ile picha niliyoibandika Machi ikawa inanitazama uso kwa uso, na picha ya leo iko kwenye skrini pembeni yake.

Mkuu wa Idara wa Machi ni mweupe pe. Babu wa leo ni wa kijivu, kama moshi, pingili zake zimefifia kingo.

 Nilimwangalia pale kitandani, kipande cha plastiki kilichotulia, na nikahisi ananiangalia. Plastiki haina homoni. Plastiki haizeeki, haikosi maziwa, haikosi jua. Nikawaza: kumbe ni kweli, kitanda kinakula, na kimeanza na yeye kwa sababu yeye hulala kila siku. Nilitaka kukimbia. Nikapiga hatua mbili, nikakumbuka mifupa yangu, nikaanza kutembea.

Muuguzi aliponiona akaja. Akatazama mlango, akatazama skrini. Tulisimama hapo, mimi nikiogopa kitanda, yeye akifikiri.

"Babu hajapungua," akasema mwishowe. "Macho ya mashine ndiyo yamefifia. Kidogo kidogo, kila siku. Na sisi tumekuwa tukimlinganisha na jana."

Bila shaka. Jana naye alikuwa amefifia kidogo kuliko juzi. Kwa hiyo kila siku walifanana, na kila siku tulikuwa tunapotea zaidi. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Kitu cha kwanza nilichowaza ni mifupa yangu mwenyewe, na nikafurahi. Cha pili kilikuwa kile kiti karibu na dirisha.

Jumatano, 21 Mei

Daktari aliangalia picha zile mbili akavua miwani. Kasema kosa ni lake. Halafu kasema tusimwambie mtu mpaka fundi aje athibitishe, tusije tukakosea mara mbili. Nikamuuliza na wale wanaoogopa sakafu je. Kasema tuwapigie simu wote leo hii, tuwaambie waanze kutembea, bila kuwaambia kwa nini.

Niliwapigia mchana kutwa. Sauti zao zimekuwa ndogo. Mama mmoja aliniambia, "Asante, lakini nimeshazoea."

Ijumaa, 23 Mei

"Mama, twende tukanyooshe miguu barazani."

"Unataka nivunjike?"

"Nitakushika."

"Ukinishika, mbavu si ndipo zitaachia?"

Hakunitania. Nilimtazama usoni nikitafuta ule ubishi wake, hata uje na makofi, sikuuona. Mume wangu kaniuliza faragha kwa nini nimebadilika ghafla, wiki iliyopita nilimkataza hata kufika mlangoni, leo namtaka barazani. Nikamwambia ya Daktari ya tarehe saba Aprili, lile la kutembea nililolimeza. Hakunigombeza. Alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Mburuto wa ndoo asubuhi. Sikwenda kuangalia.

Jumanne, 3 Juni

Fundi kafika, matope mpaka magotini, mwanaume mpole anayezungumza na mashine zaidi kuliko na watu. Kafungua ubavu wake, kapima, katikisa kichwa. Kasema ile radi ilijeruhi kifaa kimoja cha kupokea mwanga, na tangu hapo kimekuwa kikichoka. Kakibadilisha. Tukamlaza Babu. Katoka mweupe pe.

Muuguzi hakuitika nilipomwamkia. Tumeacha mchezo huo.

Kwa hesabu za fundi na Daktari, vipimo vyote vya Aprili na Mei vimerekebishwa. Mimi ni kijani. Mzee wa Baiskeli wa Aprili alikuwa njano ileile aliyokuja nayo. Na mama mkwe, siku ile niliyompeleka chumba cha nyuma, alikuwa njano, bila kushuka hata punje.

Jumatano, 4 Juni

Nimempima mama mkwe kwa mashine nzima. Mume wangu ndiye aliyembeba kumweka kitandani, kwa mikono miwili tu, kama nguo za kufua. Mkono wa mashine ukapita. Nilikuwa naomba moyoni, naomba kabisa, kwa Mungu na kwa Babu na kwa yeyote anayesikia.

Nyekundu. Mara hii ni nyekundu ya kweli. Daktari kasimama nyuma yangu akisoma. Kasema miezi miwili ya kukaa, kwa umri ule, inatosha kumsukuma mtu ng'ambo ya mstari, na nyama za mapaja nazo zimekwenda. Kasema akianza kutembea sasa tutauzuia mfupa usipungue zaidi, huenda na kurudisha kidogo. Alisema yote hayo kwa upole. Kwa hiyo mtaani hawakukosea sana. Kitanda kilisema uongo, na mimi nikaenda nyumbani nikaufanya kuwa kweli.

Alhamisi, 5 Juni

Mvua imekatika. Jua limeingia chumba cha nyuma mpaka kwenye miguu yake.

Nilikaa sakafuni mbele ya kiti chake nikamweleza kila kitu. Mashine ilikosea. Mifupa yake ilikuwa salama siku ile nilipomwonyesha picha. Daktari alisema atembee kila siku na mimi nikanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa imetulia na nilipenda kunywa chai yangu. Nilisema hata hilo. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniite binti wa watu, amwite mwanawe, aite majirani wote aliokuwa akiwasalimia, awaambie nilivyo.

Alinisikiliza akitazama magoti yake.

"Na sasa ikoje?" akauliza.

"Sasa imepungua kweli, Mama. Lakini ukitembea itasimama hapo. Tutaanza leo, mimi na wewe. Mpaka mlangoni, basi."

Nikasimama, nikampa mikono yote miwili. Aliishika. Alijivuta, akatetemeka, akasimama. Ni mara ya kwanza tangu Aprili kumwona akiwa mrefu. Mlango ulikuwa wazi, na nje uani palikuwa panang'aa, na njia ilikuwa kavu. Aliitazama ile njia. Nami nikahisi uzito wake wote kwenye viganja vyangu, ni mdogo sana, na mdomo wangu ukasema wenyewe, bila kuniuliza:

"Taratibu, Mama."

Akaketi. Hakuanguka, hakuchoka, alirudi tu kitini, akavuta shuka juu ya magoti, akalinyoosha vizuri. Halafu akaninyanyulia uso, uso mtulivu kabisa, usio na lawama hata moja.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayejua. Ukisema nisimame, nitasimama."